Rambirambi za Mtu Aliye Hai

"Nyigu, marehemu bado anapumua."

Sauti ya Mkuu iliingia kupitia kifaa kilichojificha ndani ya sikio lake, kidogo kuliko punje ya mahindi. Nyigu alikuwa amepiga goti kando ya pikipiki, anakaza mnyororo. Alisimama.

"Rudia, Mkuu."

"Marehemu bado anapumua. Tuna muda mchache kabla hajaacha."

Spana ilianguka chini. Yamaha ikanguruma.

"Ni nani?"

"Baba Pacha."

Nyigu nusura aparamie mkokoteni wa maji. Baba Pacha alimjua. Nani asingemjua? Fundi wa redio na runinga ambaye kila asubuhi, kabla hajanywa chai, alikuwa ameshaitukana serikali, hospitali, na hata Idara yenyewe, ile ya usalama ambayo Nyigu aliifanyia kazi. Pacha wake mmoja, wa kike, alifariki siku chache baada ya kuchanjwa. Madaktari walisema ni homa ya uti wa mgongo iliyokuwa imeshamwingia kabla. Yeye alisema ni sindano. Tangu hapo hakulala, aliandika. Maelfu wakamfuata mtandaoni. Wengine walimwita shujaa, wengine mwendawazimu, na watu wasiojuana wakatukaniana mama zao kwa ajili ya mtoto ambaye hawakuwahi kumbeba.

"Anatuchukia sisi, Mkuu. Nani mwingine anamtaka?"

"Wale wa Matone ya Uhai."

Sasa alielewa. Matone ya Uhai yaliingia nchini kwa magendo, yamefichwa ndani ya makontena ya vigae, yakauzwa kwa wazazi waliotishwa. Mpe mwanao matone, usimpeleke kuchanjwa. Kadiri hofu ilivyopanda, ndivyo chupa zilivyotoka. Aliyeongoza biashara hiyo aliitwa Daktari. Alivaa koti jeupe kwenye video zake zote, na hakuwahi kutibu hata mafua.

"Juzi Baba Pacha kaandika swali," Mkuu aliendelea. "Kauliza, 'Na haya matone nayo, nani kayapima?' Swali moja tu. Wateja wao wamekimbia kama kuku walioona mwewe. Kwa hiyo wanamuua, halafu wanasema tumemuua sisi, kwa sababu alisema kweli kuhusu chanjo."

"Tumejuaje?"

"Kwa pupa yao. Wana kiwanda cha akaunti, ghorofa nzima ya watu wanaojifanya watu wengine. Kule anayewahi kuandika ndiye anayesifiwa. Mmoja kaogopa wenzake watamzidi, kaachia rambirambi kabla mtu hajauawa. Wengine wakamfuata kama kondoo. Mtandao mzima unalia. Mishumaa, picha, mashairi ya buriani."

"Na mwenyewe?"

Mkuu alivuta pumzi.

"Mwenyewe yuko hapo hapo mtandaoni. Anabishana nao."

Nyigu alikata kona. Goti lake lilikwangua lami.

*

Duka lilibanwa kati ya kinyozi na muuza rangi. Ndani, runinga zilikuwa zimefumuliwa matumbo, na harufu ya plastiki iliyoungua ilikaa hewani kama mpangaji wa siku nyingi. Mwanamume mwembamba alikuwa ameinama juu ya meza, simu mkono wa kushoto, chuma cha moto cha kuunganishia nyaya mkono wa kulia. Mguu mmoja wa miwani yake ulikuwa waya wa shaba.

"Karibu, dada. Kama ni redio, iache hapo. Leo nina msiba."

"Wa nani?"

"Wangu."

Alimgeuzia simu. Samsung yenye kioo kilichopasuka, inatetemeka bila kupumzika.

"Hebu soma mwenyewe. Nimewaandikia, 'Jamani, niko hai, niko dukani.' Huyu hapa ananijibu, 'Acha kumchezea marehemu, akaunti bandia wewe.' Mimi! Akaunti bandia! Nimemtumia picha yangu nimeshika gazeti la leo, ananiambia hiyo picha imetengenezwa na kompyuta. Mwingine anasema nikiwa Baba Pacha kweli, nitaje jina la bibi yangu. Nimelitaja. Anasema hilo hata Idara wanalijua."

"Tunalijua," Nyigu alisema. "Tuondoke, kaka. Sasa hivi."

Fundi alimtazama kwa mara ya kwanza. Buti. Jaketi la ngozi. Uvimbe chini ya kwapa ambapo bastola, Glock, ilikuwa imelala.

"Wewe wa serikali."

"Ndiyo."

"Ahaa!" Alicheka kicheko kikavu. "Basi hawa wenzangu hawakukosea sana. Umekuja kukamilisha."

"Ningekuja kukuua tungekuwa tunaongea?"

"Serikali huongea sana kabla ya kila kitu."

Nyigu alifungua mdomo kumjibu. Kisha akaona, kwenye kioo cheusi cha runinga iliyokufa, gari likisimama nyuma yake. Land Cruiser. Vioo vya giza. Mlango ulifunguka kabla magurudumu hayajatulia.

"Lala chini!"

Alimvuta kwa kola. Wakaanguka pamoja nyuma ya meza, na duka likapasuka.

Risasi zilichana ukuta. Runinga zililipuka moja baada ya nyingine, vioo vikanyesha. Spika iliyotundikwa darini ilikatika na kudondoka kama embe lililoiva. Nyigu alihesabu si risasi bali pengo. Pengo lilikuja. Alichungulia chini ya meza, akaona miguu miwili kizingitini, akafyatua.

Mtu alianguka akiwa ameshika ugoko. Risasi ya pili ya Nyigu ilimkuta kooni. Aligaragara, akakoroma, akanyamaza.

Mwingine aliingia kwa mlango wa uani.

Nyigu alisikia hatua, akageuka, akachelewa. Jitu lilimpiga teke la mkono, Glock ikaruka chini ya kabati. Teke la pili lilimpata mbavuni. Akaona nyota. Jamaa aliinua bastola.

Halafu akapiga yowe.

Baba Pacha alikuwa amemchomeka kile chuma cha moto chini ya sikio. Nyama ilichemka. Moshi mwembamba ukapanda. Nyigu hakusubiri: alidaka mkono wenye bastola, akaupindua, akauvunjia kwenye ukingo wa meza. Kiwiko kililia kama kuni kavu. Alimshika kichwa kwa mikono yote miwili na kukibamiza kwenye kona ya runinga ya zamani, ile nzito ya mgongo mrefu. Mara moja. Mara ya pili haikuhitajika.

Mahali fulani redio isiyo na ganda iliendelea kutangaza mpira.

Nje, Land Cruiser ilikuwa bado inanguruma. Kwenye usukani alikaa mtu mpana kuliko kiti chake, hana shingo, ana glavu nyeusi za ngozi. Alimtazama Nyigu kupitia dirisha lililovunjika. Alisikiliza kitu kwenye simu, akatikisa kichwa kukubali, akaondoa gari kwa kasi.

"Kisiki," Nyigu alisema kwenye kifaa chake. "Mkono wa kulia wa Daktari. Kaondoka bila kumaliza kazi."

"Kisiki haachi kazi," Mkuu alijibu. "Ukiona kaacha, ujue kapewa nyingine."

Baba Pacha alikuwa amepiga magoti kando ya maiti ya kizingitini. Aliugeuza uso wake kwenye mwanga.

"Huyu namjua," alisema taratibu. "Wiki iliyopita alikuja hapa kunishika mkono. Aliniita mwalimu."

Nyigu alimwinua.

"Mkeo yuko wapi?"

*

Mkewe alipokea simu wakiwa tayari juu ya pikipiki. Baba Pacha aliweka sauti ya juu, upepo ukiwapiga usoni.

"Mama Pacha! Ni mimi!"

"Wewe nani?"

"Mumeo!"

Kilio kilipasuka upande wa pili. "Mume wangu amekufa! Kila simu hapa inasema amekufa! Nyie watu mna roho gani? Mnaiga mpaka sauti yake?"

"Mke wangu, nisikilize..."

"Mungu atawalipa!"

"Wewe ndiye uliyeunguza runinga ya mjomba wako!" Baba Pacha alipiga kelele. "Ulimwaga chai nyuma, ukanisingizia mimi! Nikakubali! Mpaka leo mjomba ananiita mharibifu!"

Kilio kilikatika. Kisha sauti ndogo sana:

"Baba Pacha?"

"Ndiyo!"

"Uko hai?"

"Nikwambie mara ngapi? Uko wapi?"

"Niko... usikasirike. Niko zahanati. Nilimleta..."

Kitu kilikatisha maneno yake. Mkwaruzo. Mtoto alianza kulia. Kisha sauti ya mwanamume, laini kama mafuta ya nazi.

"Poleni sana na msiba. Mjane yuko mikononi mwetu."

Simu ikakata.

"Daktari," Nyigu alisema. "Alipanga akuue kwanza, kisha amrekodi mkeo akilia. Rambirambi zimewahi, amebadilisha ratiba. Anataka machozi kwanza, maiti baadaye. Zahanati ipo mbali?"

Kwenye kioo cha pembeni Nyigu aliona uso wa Baba Pacha. Haukuwa na hofu tu.

"Zahanati," alirudia fundi. "Anafanya nini zahanati na mwanangu?"

"Kaka."

"Tulikubaliana! Baada ya dada yake tulikubaliana hatagusa..."

"Kaka! Utamuuliza akiwa hai. Nishike kiuno sawasawa. Kulia au kushoto?"

"Kushoto," alisema, akimshika kiuno. "Halafu moja kwa moja."

Alikuwa amebakiwa na hao wawili tu duniani. Nyigu alifungua mafuta mpaka mwisho.

*

Zahanati ilikuwa jengo la bati lililopakwa kijani hadi kiunoni na nyeupe juu yake. Uwanja ulijaa viatu vya watoto na khanga zilizodondoshwa. Akina mama walikuwa wamekimbilia ng'ambo ya barabara, wamejikunyata nyuma ya ukuta wa karakana, kila mmoja amemfunika mwanawe kwa mwili wake. Tundu jipya la risasi lilionekana kwenye bati la paa.

Land Cruiser ilikuwa mlangoni.

"Msaada unakuja," alisema Mkuu. "Umekwama kwenye daraja. Subiri."

"Hawawezi kusubiri, Mkuu."

"Najua. Nimesema tu ili niwe nimesema."

Nyigu alimkalisha Baba Pacha nyuma ya tangi la maji. "Usisogee. Hata ukisikia nini. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

Alitoa kifaa cha ukubwa wa kiberiti, akabonyeza. Taa nyekundu iliwaka. Kuanzia hapo, hakuna simu wala mtandao ambao ungefanya kazi eneo lote lile, isipokuwa kile kifaa cha sikioni mwake. Akazunguka nyuma.

Mlinzi wa nyuma alikuwa anavuta sigara chini ya dirisha. Nyigu alimfikia kwa nyayo za paka. Mkono wa kushoto mdomoni, kisu chini ya mbavu, kuelekea juu. Alimshikilia mpaka uzito wake ulipobadilika. Akamlaza chini na kuizima sigara kwa buti.

Dirisha la vioo lilikuwa wazi nusu, na wavu mbele yake. Kupitia wavu aliona chumba cha chanjo.

Mama Pacha alikuwa amekaa kwenye kiti, mgongo umenyooka kama msumari. Muuguzi mwenye mwili mkubwa alisimama pembeni, amembeba mtoto wa kiume wa mwaka na ushee aliyekuwa anapiga kelele. Mezani palikuwa na kisanduku cha barafu cha kutunzia chanjo, pamba, na bomba moja la sindano lililokuwa limeshavutiwa dawa ya mtoto anayefuata. Mbele ya wote, Daktari katika koti lake jeupe alikuwa ameshika simu iliyofungwa kwenye kijiti.

"Lia kidogo, mama. Siyo hivyo. Kama mtu aliyefiwa."

"Mume wangu yuko hai. Nimeongea naye."

"Hilo tutalirekebisha." Daktari aliitazama simu yake, akakunja uso. "Mtandao umekata. Kisiki, katazame nje."

Kisiki alikuwa ameegemea ukuta wa mbali. Nyigu alimwangalia vizuri. Chumba kilikuwa kidogo, lakini jitu lile lilikuwa limejibana kwenye kona, mbali na meza kadiri ilivyowezekana. Jasho lilimtiririka. Macho yake hayakuondoka kwenye kile kisanduku cha barafu.

Kwa nini?

Hakupata muda wa kujijibu. Mama Pacha alipiga ukelele, kwa sababu Daktari alikuwa amemzaba kofi ili alie vizuri. Na mlango wa mbele ukasukumwa.

"Mke wangu!"

Baba Pacha. Amesimama kizingitini, mikono mitupu, miwani imepinda.

"Aha," alisema Daktari. "Marehemu."

Nyigu alilaani kimoyomoyo, akavunja mlango wa nyuma kwa bega. Aliingia ameinua Glock. Lakini Kisiki, pamoja na unene wake wote, alikuwa mwepesi. Alishamnyanyua Mama Pacha kwa shingo na kumwekea mtutu kwenye panda la uso.

"Weka chini, dada."

Nyigu aliweka.

"Sogeza kwa mguu."

Akasogeza. Akarudi hatua moja nyuma, mikono juu, mpaka kiuno chake kikagusa meza.

"Nilikuambia usisogee," alimwambia Baba Pacha bila kugeuka.

"Alilia," fundi alijibu.

Daktari alipangusa kijiti cha simu yake. "Kumbe mambo yamejipanga yenyewe. Mtu wa serikali, Baba Pacha, na zahanati ya chanjo, vyote chumba kimoja. Nani atauliza aliyeua ni nani? Kisiki, anza na huyu mwanamke wa Idara."

Kisiki hakusogea.

"Kisiki!"

"Yuko karibu na ile kitu, bosi."

"Kitu gani?"

"Ile." Alionyesha kwa kidevu. "Ya barafu. Nikipiga itapasuka. Itaruka."

Glavu. Kona. Jasho. Mtu huyu alikuwa ameua watu bila kupepesa, na sasa alikuwa anatetemeka mbele ya chanjo ya mtoto. Alikuwa amesoma kila kitu ambacho kiwanda cha bosi wake kiliandika.

Na alikuwa amekiamini.

Mkono wa Nyigu ulishuka polepole nyuma yake. Vidole vikaipata. Alipouinua tena, bomba la sindano lilikuwa kati ya vidole viwili, sindano inameremeta.

"Kisiki," alisema kwa upole. "Unajua hii ni nini?"

Uso wa jitu ulipauka.

"Iweke chini."

"Umesoma inavyofanya? Damu inaganda. Mishipa inakuwa kama kamba."

"Iweke chini, nakuambia!"

"Sogea basi nikuonyeshe."

"Mpige risasi, mpumbavu wewe!" Daktari alifoka.

Mtutu uliondoka kichwani mwa Mama Pacha na kumwelekea Nyigu. Hicho tu ndicho alichokuwa anakitaka. Alijitupa pembeni na kuirusha sindano kwa mkono mzima. Risasi ilipasua dirisha. Sindano ilimwingia Kisiki shavuni, ikajikita, ikaning'inia.

Nyigu alikuwa ameshasikia watu wakipigwa risasi, wakikatwa visu, wakichomwa moto. Hakuwahi kusikia yowe kama lile.

Kisiki alimwachia Mama Pacha na kuanza kujipapasa uso kwa kiganja cha glavu. Nyigu alinyakua stuli ya chuma, akampiga nayo kwenye goti. Mfupa ulitoa sauti. Jitu likaanguka kifudifudi, na kwa uzito wake mwenyewe likaisukuma ile dawa yote ndani. Mama Pacha alitambaa mpaka kwa mwanawe. Baba Pacha alimrukia Daktari. Wakashikana koti na kijiti cha simu, wakabiringishana, Daktari akampiga fundi kwa ngumi ya pua na kumtupa chini.

"Nakufa," Kisiki alilia sakafuni. "Bosi, imeingia! Nakufa!"

"Hufi, ng'ombe wewe!" Daktari alikuwa amechanganyikiwa kwa hasira. Damu ya Baba Pacha ilikuwa imemrukia kotini. "Hiyo ni chanjo ya surua! Haiui mtu! Wanangu wote wameipata! Chukua bastola umalize kazi!"

Kisiki aliinua uso. Bomba la plastiki lilikuwa limevunjika, sindano bado shavuni kama mwiba wa samaki.

"Wanao wote?"

"Nini?"

"Umesema wanao wote wameipata."

Daktari aligundua. Unaweza kuona mtu anapogundua. Rangi hushuka kutoka kwenye paji la uso kwenda chini, kama maji yanayotoka kwenye beseni.

"Kisiki, ndugu yangu, siyo wakati wa..."

"Binti yangu alipopata surua, nilikuja kwako," alisema Kisiki. Sauti yake ilikuwa ya chini, karibu ya kitoto. "Ukanipa matone. Nikampa chupa baada ya chupa. Mke wangu akasema tungemchanja mapema. Nikampiga mke wangu. Kwa maneno yako nikampiga. Leo binti yangu haoni, bosi. Ananitambua kwa kunigusa uso."

"Ilikuwa biashara tu..."

Nyigu aliona bastola ikiinuka kutoka sakafuni. Alikuwa na nafasi ya kuipiga teke. Baadaye, alipoandika ripoti yake, alisema hakuiwahi.

Risasi tatu zilimpata Daktari kifuani, karibu karibu, na koti jeupe likafunguka kama ua. Aliangukia mizani ya kupimia watoto. Mizani ilicheza juu, ikacheza chini, ikasimama.

Kisiki aligeuza mtutu kuelekea chini ya kidevu chake mwenyewe.

"Hapana," Nyigu alisema. Alichuchumaa mbele yake. "Usifanye hivyo."

"Si nimeshakufa?"

"Hujafa."

"Imeingia yote."

"Bwana mkubwa," alidakia muuguzi, ambaye muda wote huo hakuwa amesema neno, na ambaye sasa alionekana kuchoka na upuuzi wote uliotokea kwenye chumba chake cha kazi, "umechanjwa dozi ya mtoto mdogo. Kesho shavu litakuuma. Kwanza ulipaswa kuchomwa mkononi."

Kisiki alimtazama muuguzi. Kisha akaanza kulia, mabega yote yanatikisika. Nyigu alianza kuitoa bastola kwenye vidole vyake, kimoja kimoja.

"Binti yako anahitaji uso wa kugusa," alimwambia. "Hata kama ni kwenye chumba cha wageni cha gereza. Baki hai."

Kisiki alilegeza kidole cha mwisho.

*

"Kiwanda kimefungwa," Mkuu alisema sikioni. "Tumewakuta bado wanaandika buriani. Makontena nayo tumeyashika bandarini. Hali yako?"

"Mbavu. Mengine mazima."

Nje, magari ya Idara yalikuwa yameshafika. Kisiki alitolewa kwa machela, watu wanne wakimbeba na wa tano akiwatukana wenzake kwamba hawabebi. Daktari alifunikwa shuka.

Baba Pacha alikuwa amekaa kwenye benchi la korido, pua imezibwa kwa pamba. Mwanawe alikuwa mapajani, ameshika ile miwani iliyopinda na kujaribu kuila. Kwenye mkono mdogo wa mtoto, juu ya kiwiko, palikuwa na kipande cha pamba na tone la damu lililokauka.

Alikuwa ameshachanjwa. Kabla ya yote haya.

Baba Pacha aliigusa ile pamba kwa kidole.

"Ulinificha," alimwambia mkewe.

"Nilikuficha."

"Kwa nini, mke wangu?"

Mama Pacha alikuwa na alama ya vidole vya Kisiki shingoni. Alikaa kando yake.

"Kwa sababu ulikuwa unaongea na dunia nzima isipokuwa mimi. Ningekuuliza nini, wakati jibu lako limeshasomwa na watu wote kabla yangu?" Alishika mguu wa mtoto. "Unafikiri mimi siogopi? Nilimshika huyu mkono huku natetemeka kuliko yeye. Lakini mwaka huu surua imeua wawili mtaa wa pili. Nilichagua. Peke yangu."

Fundi aligeuka kwa muuguzi aliyekuwa anapita na fagio.

"Dada muuguzi. Nitajuaje kama kuna tatizo?"

"Homa kidogo, ni kawaida. Akigoma kunyonya, akilegea, akipata degedege, unamleta hapa hapa mbio. Hata kama tumefunga, nagongewa."

"Na dada yake?" Sauti ilikuwa nyembamba sana. "Yule wangu wa kwanza. Ilikuwa ni sindano?"

Muuguzi aliegemea fagio. Nyigu, aliyekuwa anafunga jaketi lake, alisimama kusikiliza.

"Sikuwepo, baba. Waliokuwepo wanasema siyo, na mimi nawaamini, kwa sababu nimechanja wengi mno. Lakini mwanao yule sikumwona. Nikikuapia nitakuwa nakudanganya. Sijui."

Baba Pacha aliinamisha kichwa. Machozi yalidondoka juu ya nywele za mtoto.

"Hakuna mtu aliyewahi kuniambia hivyo," alisema. "Wote huku na huku wanajua. Wote."

Simu yake ilianza kutetemeka mfukoni. Mtandao ulikuwa umerudi. Aliitoa, akaisoma, akatoa kicheko kidogo cha uchovu.

"Wanasema huyu aliyeonekana zahanati ni mtu aliyefanana na marehemu. Wanataka nithibitishe."

"Utawajibu?" aliuliza Nyigu.

"Waache wamalize matanga yao." Aliizima. "Mimi nakaa na mwanangu mpaka homa ipite. Nitakaa hapa hapa, dada muuguzi, sitoki."

"Kaa, baba. Ila unyanyue miguu, nafagia."

Nyigu alitoka. Jua lilimpiga usoni. Alitembea polepole kuelekea pikipiki, mkono mmoja ubavuni, damu ya watu wengine imekauka kwenye buti zake.

"Pitia hospitali ukapimwe," alisema Mkuu.

"Natoka huko sasa hivi."

Ng'ambo ya barabara, akina mama walikuwa wanaanza kuinuka nyuma ya ukuta wa karakana. Mmoja wao, mtoto mgongoni, kiatu kimoja tu mguuni, alivuka na kumsimamisha.

"Samahani, dada. Bado wanachanja leo?"

Nyigu alitazama nyuma, kwenye dirisha lililopasuka.

"Wanafagia vioo kwanza."

"Aa. Basi tutangoja."

Mwanamke alikaa kwenye ngazi ya kwanza. Mwingine akaja akakaa nyuma yake, kisha mwingine, wanaulizana nani alikuwa wa ngapi. Nyigu alivaa helmeti, akawasha Yamaha, akaondoka bila kupunga mkono.